Nyumba Uliyomjengea Riziki

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi shikamoo, husomewa Fatiha, na Fatiha nimekusomea leo asubuhi kabla sijashika kalamu. Lakini wewe hukuwa ukimsikiliza mtu asiyeanza kwa kukuamkia, na mimi leo sitaki unikatize. Shikamoo, Mama. Ni mimi Mejumaa, kifungua mimba wako. Yule mwingine.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Ukunda. Leo sina zamu hotelini. Sufuria zote nimezilaza juu ya taulo ili zisigongane, na vifuniko nimevifungia kabatini. Ungeniona ungecheka. Nilivyokuwa nikikusimanga kwa mataulo yako ya jikoni, leo mwenyewe ninayo manne.

Nitasema mapema ili tusizungushane. Nina wivu, Mama. Nilikuwa nao ukiwa hai, na siku tuliyokuzika nilidhani tumeuzika pamoja nawe. Wapi! Wivu ulirudi na wanaume kutoka makaburini, ukaingia ndani, ukaketi nami. Namwonea wivu Riziki, binti yako mdogo, kwa sababu yako, na nakuonea wivu wewe kwa sababu ya Riziki. Sasa umeongezeka mwingine wa tatu, wa aibu zaidi, huo nitakufikishia mwishoni.

Unakikumbuka chumba changu cha pale Kinondo? Mimi nakikumbuka. Kilikuwa na dirisha la upande wa kisima, na ukutani nilikuwa nimechora kuku kwa mkaa, kuku na vifaranga vyake, nawe ukanigombeza kisha ukawaacha. Siku moja nilirudi kutoka chuoni, juzuu bado ninayo mkononi, nikakuta mafundi wamepandisha ukuta katikati ya chumba changu. Upande mmoja ukawa wa Riziki. Upande wa pili ulikuwa mwembamba, hata kitanda hakiingii, nao pia ukawa wa Riziki, kwa sababu ulikuwa umegundua kwamba mtoto yule akijibana mahali pembamba, mgongo ukuta huu na nyayo ukuta ule, anatulia na kuacha kujipiga. Kichochoro chake, tukakiita. Kuku wangu walibaki humo ndani ya kichochoro, na kwa miaka yote aliwafuta kidogo kidogo kwa mgongo wake.

Kitanda changu kilipelekwa ghalani, kwenye nazi. Nilikuuliza nimekosa nini. Ulikuwa na udongo mpaka viwikoni, ukaniwekea mkono kichwani hivyo hivyo, ukaniambia, "Wewe waweza, Mejumaa."

Basi nikaweza. Kwani nilikuwa na hiari? Nikaweza kwenda shule nikinuka mbata. Nikaweza kuvaa nguo nikiwa nimekaa nyuma ya gunia, maana ghala halikuwa na mlango, na kuku wa kweli walikuwa wakiingia na kutoka wapendavyo. Mlango! Nyumba nzima haikuwa na mlango hata mmoja ila ule wa nje. Uliing'oa yote, kwa sababu upepo wa bahari ukiubamiza mlango mmoja, Riziki alikuwa analia mpaka sauti inakauka. Mahali pa milango ukatundika leso zako. Ya kijani chooni, nyekundu jikoni, ya samawati kwenye chumba chake. Na chini ya kila leso, saruji ikiwa bado mbichi, ulipachika vitu sakafuni, hapa kokoto laini za ufukweni, pale kauri zilizogeuzwa mgongo, ili unyayo wake umwambie yuko wapi hata akiwa amefumba macho. Ghalani hukutundika leso wala hukupachika kitu.

Na paa! Jirani zetu wote walikuwa wanavua makuti na kuezeka mabati. Niliyalilia mabati yale, Mama. Nilikuwa nataka nyumba inayong'aa, ambayo mwalimu akipita anajua hapa pana watu. Wewe uliyekuwa ukishona makuti ya kuezeka nusu ya hoteli za Diani, ukaezeka nyumba yako makuti mara mbili, mengine juu ya mengine, ili mvua ikinyesha Riziki asiisikie. Watu wakasema una akili fupi. Ukawajibu kwamba wao waishi chini ya ngoma zao, na wewe utaishi chini ya kuti lako.

Miaka mingi baadaye, Riziki akiwa mtu mzima, daktari mmoja kule Msambweni ndiye aliyetupa jina la jambo lenyewe, usonji. Alilieleza vizuri, kwa upole, na mimi nikalia pale kwenye benchi kwa sababu nilidhani jina litaleta dawa. Wewe ulikunja leso yako, ukamshukuru, ukasema, "Jina zuri, mwanangu. Lakini sisi tulishamjua."

Sisi. Ulisema sisi, na nilibebwa na neno hilo mpaka tukafika nyumbani. Nilikuwa radhi kwa vitu vidogo namna hiyo.

Tangu uondoke mambo yamekwenda hivi. Presha ilipokuangusha pale kisimani hatukuwa tumejiandaa. Watu walijaa, fanicha zikatolewa nje, mikeka ikatandikwa vyumba vyote, Riziki akaingia kichochoroni kwake na hakutoka mpaka watu wamepungua. Tuliposoma hitima yako, kina mama wakaketi kugawa nguo zako sadaka, kama inavyofanywa. Bi. Mwanakombo aliyekuosha akapewa lake, majirani wakapewa lao, masikini wa huko juu wakapewa lao. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa inasafishwa na kufukizwa udi, mmoja wetu akanyoosha mkono akazishusha zile leso za milangoni nazo, zikakunjwa, zikaingia kwenye fungu. Zilikuwa leso zako, na leso za marehemu hutolewa. Hata mimi niliyelala miaka yote ndani ya nyumba ile sikufikiri mara mbili. Riziki alituona. Alianza kugonga kichwa ukutani, na sisi tukaambiana kwa huruma kwamba masikini, sasa amejua, anamlilia mamake.

Moja tu haikutoka. Ile ya samawati niliivuta kwenye fungu mbele ya wote, nikasema hii ni yangu. Hakuna aliyenipinga. Ilikuwa na harufu yako, nazi na moshi na yale mafuta ya karafuu uliyokuwa ukijipaka magotini. Nikaiweka kabatini kwangu, ndani ya mfuko, ili harufu isitoke. Nilijiambia kwamba Riziki alikupata mzima mzima maisha yake yote, mimi acha nipate kitambaa.

Baada ya hapo Mjomba aliketi na sisi akasema Riziki aende kwangu, mimi ndiye mkubwa. Nyumba ya Kinondo haikuwa na mtu wa kuishi ndani yake tena, na kuti upande wa kusini lilikuwa limeshaoza. Nikamchukua. Nilimchukua kwa kiburi, Mama, acha niseme. Nilijiambia sasa ataona nyumba. Unaijua nyumba yangu, ulikuja mara mbili tu na mara zote ulikaa barazani. Mabati ya rangi ya maruni, vigae vya kung'aa, taa nyeupe kila chumba, na milango, Mama. Kila chumba mlango wake, kila mlango ufunguo wake. Nilipoolewa na Hamisi nilimwambia sitaki dhahabu, nataka milango.

Riziki hakulala. Taa zilimuumiza macho, vigae vilimtelezesha akawa anatembea kwa kushika ukuta, milango ikawa inabamizwa na upepo chumba hadi chumba. Alikuwa hali chochote ila wali mweupe, na alikula amejikunyata chini ya meza. Kisha ikaja mvua ya asubuhi moja ya masika, ile kubwa isiyoanza kwa manyunyu. Ilipopiga mabati yangu ya maruni, Riziki alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, akafungua mlango wa nje, akaondoka.

Tulimtafuta mpaka adhuhuri. Hamisi aliizunguka Ukunda yote na tuktuk yake, mimi nikaacha kazi nikiwa na sare mwilini. Tulimpata Kinondo. Alikuwa amekwenda kwa miguu, barabara ile yenye malori, akaingia ndani ya nyumba yako inayovuja, akajibana kichochoroni. Alikuwa ameloa chapachapa na alikuwa anaimba ile mm-mm yake. Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma. Alisema, "Mayo." Si mimi aliyekuwa akiniita; Mayo wake ni wewe, mamake.

Mjomba aliposikia alisema hilo halitarudiwa. Bi. Mishi, binamu yako wa Vanga, alikuwa tayari kumpokea. Ni mtu mwema, unamjua, mwenye subira na mwenye kuswali. Ana chumba kimoja cha nyuma chenye dirisha dogo, na angemtilia kufuli kwa nje ili asipotee, amtoe kula na kuoga. Mjomba alilisema hilo neno kufuli polepole, akitazama chini. Akaniambia nijaribu mpaka baada ya Idi, na ikishindikana atakuja na gari mwenyewe.

Nilichokiona kichwani mwangu, Mama, ni Riziki nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi niliyekuwa nikiomba mlango tangu utotoni.

Basi nikaanza. Nilianza kwa ujuzi wa hotelini, maana hicho ndicho ninachokijua. Pale hotelini Galu mgeni akisema mto mgumu, nampelekea laini, akisema taa kali, nabadilisha, akisema harufu ya sabuni inamkera, nafua upya. Nikajiambia nimtendee Riziki kama mgeni aliyelipa. Nikamtoa mwanangu Salma chumbani mwake, kwa kuwa ndicho kilichoko nyuma, mbali na barabara. Nikaweka taa ya manjano. Hamisi akalivuta kabati kutoka ukutani akaacha nafasi nyembamba, nikaizungushia magodoro ya zamani huku na huku. Tukang'oa milango. Yangu pia. Fundi alipoubeba nje mlango wa chumba changu mimi na mume wangu, niliingia chooni nikalia, kisha nikakumbuka kwamba chooni nako mlango keshauchukua.

Juu ya mabati nikaezeka makuti. Niliyashona mwenyewe, jioni zangu zote, na vidole vilikumbuka kabla mimi sijakumbuka. Majirani walisimama kutazama. Mmoja akaniuliza kama nyumba inaolewa, mbona naivisha buibui. Nikamwambia aendelee kusubiri mwaliko. Lakini moyoni nilikuwa nakutukana wewe, Mama, samahani. Kila kuti nililolifunga nilikuwa nasema: na hili nimefanya kama yeye, na hili nimefanya kama yeye, na bado atasema Mayo.

Kwenye nafasi za milango nikatundika leso mpya, nzuri, zenye wanga wa dukani, rangi zile zile zako. Riziki alizishusha zote asubuhi moja akazitupa uani. Nikazitundika tena, akazishusha tena. Mara ya tatu aliichana ile nyekundu kwa meno. Nikamfokea mpaka Salma akaja kunishika mkono. Hapo nikaketi kwenye kizingiti na hizo leso mapajani, zikinuka duka, na ndipo nilipoelewa siku ile ya sadaka alikuwa anagonga kichwa kwa nini. Hakuwa anakulilia wewe peke yako. Tulimng'olea milango yake mbele ya macho yake.

Sasa mama, nani duniani amewahi kwenda kudai sadaka ya maiti? Mimi. Mwanao. Nilifunga zile mpya kwenye kitambaa nikaenda Kinondo nyumba kwa nyumba, na jua la saa nne mgongoni, nikibisha hodi kwa watu waliokuombea rehema na kuwaambia nimekuja kubadilisha. Jirani yako wa upande wa msikiti alikuwa ameifanya nyekundu mbeleko, mjukuu wake alikuwa mgongoni ndani yake, amelala. Alimfungua mtoto, akanipa, mtoto akaamka akalia kwa hasira, na mimi nikaona ana haki. Kwa wengine nilipewa maji na kutazamwa. Najua nilipotoka nyuma yangu walisema nimerukwa na akili.

Bi. Mwanakombo ndiye niliyemwogopa. Alikuwa amekaa uani anachambua mchele, leso yako ya kijani begani. Nilimwamkia, nikamweleza haraka haraka, nikaweka jozi mpya mbele yake. Hakuacha kuchambua mchele.

"Mejumaa," akasema, "waja kudai sadaka ya maiti niliyemwosha kwa mikono hii?"

"Ndiyo, bibi. Riziki halali."

Akaivua begani. Akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka mapajani mwangu juu ya zile nyingine. Ile mpya aliigusa ukingo tu akasema itamfaa. Kisha akaniuliza, "Na ya samawati iko kwa nani? Maana hiyo ndiyo ya mlangoni kwake."

Nikamwambia iko kwangu. Alinitazama kidogo tu, akarudi kwenye mchele wake. Bora angenigombeza.

Nilirudi nikatundika kijani, nikatundika nyekundu. Hamisi alikuwa ameniletea kokoto na kauri, nami nikazigandisha chini ya kila nafasi kwa saruji, nikivunja vigae vyangu kwa nyundo. Riziki alianza kutembea bila kushika ukuta. Alikuwa akisimama juu ya kauri, anazisugua kwa nyayo, anaendelea. Lakini chumbani mwake hakuingia. Alikaa kwenye nafasi ya mlango wake, nusu ndani nusu nje, akitazama juu pale penye msumari mtupu. Alikaa hapo siku nzima. Siku iliyofuata pia.

Ilikuwa yangu, Mama. Sikuwa na kingine. Riziki alipewa chumba, kichochoro, paa, sakafu, usingizi wako, mgongo wako. Mimi nilipewa "wewe waweza." Nilikwenda kabatini nikaitoa ile leso mfukoni, nikaweka uso ndani yake. Harufu ilikuwa bado ipo, ila kidogo, ya mwishomwisho. Nilijua nikiitundika kwenye upepo na watu na mapishi, itaisha baada ya wiki chache. Nilifikiri kuikata katikati, nusu yake nusu yangu. Nilishika mkasi. Nikaukumbuka ule ukuta uliopita katikati ya chumba changu, nikaurudisha mkasi.

Nikaitundika nzima.

Riziki alinyanyuka. Akaishika kwa mikono miwili, akainusa kuanzia pindo mpaka juu alipofika, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ulipofariki. Nilisogea, nikidhani labda sasa, labda safari hii atanitazama. Akaniambia "Basi," akaingia ndani, akaivuta leso usoni mwangu. Nikabaki ukumbini nikitazama kitambaa. Alilala mpaka alasiri ya siku ya pili, na mvua ilinyesha katikati na hakuamka.

Mjomba alikuja baada ya Idi na gari, kama alivyosema. Alimkuta Riziki jikoni akitiririsha maji viganjani, ametulia, nywele zimesukwa. Aliizunguka nyumba yote, akavua viatu akazikanyaga zile kauri, akasema nimejenga kama wewe. Watu wote wanasema hivyo. Ningependa mtu mmoja aseme nimejenga kama mimi. Lakini Vanga haendi, Mama. Kufuli haliko tena. Hilo lilale nawe.

Ungedhani wivu ungekwisha hapo. Ninampikia, ninamuogesha, makuti yake nimeyashona mimi, milango yangu nimempa, na akiamka bado anakwenda kwenye leso ile na kusema Mayo. Harufu imekwisha kabisa sasa, nimeinusa. Yeye bado anaipata. Sijui anaipata wapi, na nakuonea wivu wewe uliye chini ya mchanga, kwamba unapendwa hivyo na hufanyi kazi yoyote.

Nimesema kuna wa tatu.

Salma yuko gredi ya saba sasa. Tangu nimtoe chumbani alikuwa akilala sebuleni kwenye godoro, na kila asubuhi analikunja analificha nyuma ya kochi bila kuambiwa. Hakulalamika. Humchana Riziki nywele kuliko mimi, na Riziki humruhusu. Nilikuwa nikimsifu kwa watu kwamba mtoto huyu ana moyo. Siku moja kabla ya shule godoro keshalikunja, nikamwona amejificha nyuma ya pazia la dirisha kufunga vifungo vya sare. Akaniuliza bila hasira, kama anayeuliza kama mkate upo, "Mama, mtu mpaka awe kama mamdogo ndiyo ajengewe?"

Nilifungua kinywa, Mama. Na unajua kilichokuwa kinakuja. Kilikuwa kimeshafika kwenye ulimi, kwa sauti yako, na mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kwenda kichwani kwake. Niliurudisha mkono. Nilifunga kinywa mpaka meno yakauma. Kisha nikamuuliza anataka nini.

Akasema, "Mlango."

Hakutaka chumba kikubwa, wala kitanda, wala simu. Mlango wenye komeo la ndani. Nikamwambia nenda shule, nikaketi kwenye godoro lake nikalia kama siku ya maziko yako, labda zaidi.

Hamisi alikuwa na baraza yake ya mbele, anapokunywa kahawa na wenzake jioni. Nilimweleza. Akasema kahawa inanyweka hata kwa jirani. Tukaiziba nusu ya baraza kwa matofali, tukaacha dirisha la upande wa mpapai, na fundi akamletea Salma mlango wa mbao, mzito. Ila Riziki na vishindo, wewe wajua. Nikachukua ndara kuukuu za watu wote wa nyumba, nikazikata vipande, nikavipigilia kwenye fremu kuanzia juu mpaka chini. Nikaujaribu mara nyingi. Nikaubamiza kwa nguvu zangu zote, na Riziki alikuwa amekaa pale pale akinyofoa nyuzi za kuti, hakugeuka.

Kisha Salma akaingia na begi lake. Akaufunga. Sikusikia kitu ila komeo, ile tiki ndogo ya chuma. Nilisimama nje ya mlango wa mtoto niliyemzaa mwenyewe, na wivu ukanipanda mpaka machozi yakanitoka. Namwonea wivu Salma, Mama. Huyo ndiye wa tatu. Nimempa mwanangu kitu nilichokuwa nakitaka kwako, na badala ya kufurahi nilitaka kumwambia anipishe, niingie mimi, nifunge.

Nikajifuta. Nikabisha hodi. Aliniacha nisubiri kidogo, nadhani alikuwa anaionja ile raha ya kusubiriwa, kisha akasema karibu. Ukutani alikuwa ameshaanza kuchora. Sikumgombeza.

Sasa nikuage, maana Riziki ameanza kuimba na wali haujaiva. Nakuahidi haya. Makuti yakizeeka nitayashona mengine, mara mbili, moja juu ya jingine. Leso yako haitashuka mlangoni kwake maadamu niko hai, na nikifa nitawausia wasiitoe sadaka. Salma atabishiwa hodi siku zote, hata na babake, hata na mimi nikiwa na hasira. Na lile neno lako sitamwambia mtu yeyote katika nyumba hii. Umelala nalo, lala nalo salama.

Nakuombea kaburi lenye nafasi, Mama, na nuru isiyoumiza macho. Ulikuwa na mikono miwili tu na nilikuona ukiitumia yote. Lakini kwa kuwa hukuwahi kuniuliza, nakujibu sasa. Sikuweza. Kule ghalani, Mama, sikuwa naweza. Nilikuwa mtoto tu.

Mwanao,
Mejumaa